Kupanda Uwanda wa Makonde kwa Miguu: Hesabu ya Mwinuko, Joto na Maji

Msafiri atokaye Lindi au Mtwara kwenda Masasi hupita katika bonde la Mto Lukuledi, na kabla ya kufika Ndanda huingia Nanganga, mahali ambapo barabara ya Ruangwa na Nachingwea huachana na ile ya Masasi. Akitazama upande wa kusini ataona ukuta mrefu wa vilima uliofunikwa na vichaka, ambao juu yake umelingana kana kwamba umekatwa kwa upanga. Huo ndio ukingo wa Uwanda wa Makonde. Akiendelea na safari yake mpaka Masasi ataona milima ya namna nyingine kabisa: mawe makubwa yaliyo wazi, yenye vipara, yanayochomoza ghafla kutoka katika nchi tambarare.

Wanafunzi, vijana wa vikundi mbalimbali na walimu wao wana desturi ya kupanda milima ya namna hii kwa siku moja, kwenda na kurudi. Safari hiyo huonekana kuwa jambo jepesi kwa kuwa milima yenyewe si mirefu. Hapa hakuna theluji wala hewa haba kama ilivyo juu ya Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Hata hivyo, watu wenye afya njema huweza kuzidiwa katika mlima mfupi. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini. Safari ya kupanda mlima kwa kikundi ni hesabu ya mambo matatu, yaani mwinuko, joto na maji. Na katika nchi ya Masasi na Newala hesabu hiyo sharti ianzie kwenye maji.

Miamba ya namna mbili

Milima ya Masasi, kama ule wa Mtandi, ni miamba ya kale sana iliyopikwa kwa joto na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Miamba iliyoizunguka, iliyokuwa na nyufa nyingi zaidi, ilioza na kuchukuliwa na maji kidogo kidogo, nayo ile migumu ikabaki imesimama. Mhandisi wa migodi na mwanajiolojia wa Kijerumani, Wilhelm Bornhardt, aliyesafiri Afrika Mashariki kati ya mwaka 1895 na 1897, aliandika juu ya milima hii katika kitabu chake cha mwaka 1900, na humo akaipa jina la Kijerumani Inselberg, maana yake mlima-kisiwa. Tangu wakati huo jina hilo limetumika katika vitabu vya jiografia vya dunia nzima. Wanafunzi wa Masasi, basi, wanaona kwa macho yao milima ya aina ambayo wenzao wa nchi nyingi huisoma katika picha tu.

Uwanda wa Makonde ni kitu kingine. Sehemu kubwa ya uwanda huu ni matabaka ya mchanga ulioshikamana ukawa mawe, na ulitandazwa zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Uwanda umeinama: sehemu zake za juu kabisa, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, ziko upande wa magharibi, na kutoka huko unateremka polepole kuelekea pwani. Kwa sababu hiyo mtu aendaye Newala kutoka Mtwara hupanda bila kutambua sana, lakini ajaye kutoka bonde la Lukuledi au bonde la Ruvuma hukutana na ukingo wenyewe uso kwa uso. Pale Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, mtu husimama juu ya ukingo na kuona nchi ikianguka chini ya miguu yake mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji.

Tofauti hii ya miamba ndiyo inayoamua mahali pa kupata maji. Juu ya mlima-kisiwa mvua hupiga jiwe tupu na kuteremka mara moja. Baada ya saa chache hakuna kinachobaki ila vidimbwi katika mashimo ya jiwe. Juu ya uwanda jambo ni kinyume: mvua huzama. Mchanga huinywa kama sifongo, nayo maji hushuka chini kwa chini mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha maji, kisha hutembea juu ya tabaka hilo na kutokea nje pale ukingo ulipokatwa, yaani miguuni pa mlima. Hivyo ndivyo zinavyopatikana chemchemi za ukanda wa Ndanda, na ndivyo kilivyo chanzo cha Mbwinji, ambacho maji yake hupelekwa katika miji ya Masasi na Nachingwea.

Sababu ni mbili zilizo kinyume, lakini matokeo kwa mpandaji ni mamoja: juu hakuna maji. Moja huyamwaga na nyingine huyameza.

Kulinganisha na mlima wa nchi nyingine

Maarifa mengi yaliyoandikwa juu ya kupanda mlima kwa siku moja yametoka katika nchi za baridi. Tuchukue mfano wa Wales, katika Uingereza, ambako watu hupanda Yr Wyddfa, mlima wa mita 1,085 ujulikanao pia kwa jina la Snowdon. Mwinuko wa kupanda huko hautofautiani sana na wa kwetu, kwa maana mojawapo ya njia zake maarufu huanzia kiasi cha mita 360 kutoka usawa wa bahari. Lakini mvua inayonyesha karibu na kilele chake huzidi milimita 3,000 kwa mwaka, nayo miamba yake haipitishi maji. Kwa hiyo vijito hutiririka kila upande, na chini kidogo ya kilele pana maziwa. Mpandaji wa Wales hafi kiu. Adui yake ni nguo zilizolowa pamoja na upepo: mwili hupoteza joto kuliko unavyoweza kulitengeneza, mtu hutetemeka, kisha akili humpotea. Ndiyo maana vitabu vya huko husisitiza koti lisiloingiza maji, nguo za ziada, ramani na dira ya kutembelea katika ukungu.

Msomaji akivitumia vitabu hivyo hapa bila kufikiri atabeba koti na kusahau maji. Masasi na Newala hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nazo karibu zote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Miezi iliyobaki ni mikavu. Huko Wales mwili hushindwa kutunza joto lake; huku mwili hushindwa kulitoa. Kanuni za kikundi ni zilezile, lakini mzigo wa mgongoni na saa ya kuondoka hubadilika.

Saa za njiani

Watu wa mahali tambarare huhesabu safari kwa umbali. Mlimani hesabu hiyo haitoshi. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni nyepesi ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila maili 3 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 5 kwa saa, na nyongeza ya saa moja kwa kila mita 600 za mwinuko.

Tufanye mfano. Tuseme kikundi kinaondoka bondeni, njia ya kwenda ni kilomita 8, na mwinuko kutoka bondeni hadi juu ya uwanda ni mita 500. Kilomita 8 zinahitaji saa 1 na dakika 36. Mita 500 zinahitaji dakika 50 zaidi. Jumla ni saa 2 na dakika 26. Lakini Naismith alimfikiria mtu mzima mwenye mazoezi, katika hali ya hewa ya baridi, asiyengoja wenzake. Kikundi cha watu thelathini hupumzika, hufunga viatu, hungojana. Na joto hupunguza mwendo. Ni busara kuhesabu saa 3 na nusu.

Kikundi kinachoondoka saa 12 asubuhi kitafika juu saa 3 na nusu. Kikipumzika, kula na kuangalia kwa muda wa saa moja, kitaanza kushuka saa 4 na nusu na kufika bondeni karibu na saa 7 mchana. Kikundi hichohicho kikiondoka saa 2 asubuhi, kwa sababu ya kungoja chai au gari, kitakuwa kinapanda sehemu yenye mwinuko mkali kati ya saa 4 na saa 6, nacho kitashuka wakati ardhi imekwisha kupata moto. Saa mbili zilizopotea asubuhi hulipwa kwa maji mchana.

Kuna jambo jingine juu ya jua la huku. Masasi na Newala ziko kati ya nyuzi 10 na 11 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Mwezi wa Februari kwa kawaida una mawingu na mvua. Oktoba hauna: ardhi imekauka, majani yameungua au yamepukutika, na kivuli cha mtu huwa chini ya miguu yake. Ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kupanda mlima. Miezi mizuri ni Juni, Julai na Agosti, ambayo ni mikavu na yenye ubaridi kiasi. Ila msomaji akumbuke kwamba siku zetu hazirefuki sana kama za Wales, ambako mchana wa Juni una saa zipatazo 17. Kwetu, hata katika miezi hiyo mizuri, giza huingia karibu na saa 12 jioni, na huingia upesi.

Mwili kama mtambo

Sasa tutazame kinachotokea ndani ya mwili. Kuinua kitu kunahitaji kazi, na kazi hiyo hupatikana kwa kuzidisha uzito, mvuto wa dunia na mwinuko. Mtu wa kilo 60 akipanda mita 500 hufanya kazi ya jouli 294,000, ambazo ni sawa na kilokalori 70. Kiasi hicho ni kidogo. Lakini misuli ya binadamu, kama ulivyo mtambo wowote, haibadilishi chakula chote kuwa kazi. Katika kupanda ni kiasi cha robo tu kinachofanya kazi ya kuinua. Robo tatu hugeuka joto. Kwa hiyo ili apate kilokalori 70 za kazi mwili huunguza kama kilokalori 280, na kilokalori 210 huwa joto ambalo lazima litoke nje.

Joto hilo hutokaje? Hewa ikiwa na ubaridi sehemu yake hutoka kupitia ngozi. Hewa ikikaribia joto la mwili njia hiyo hufungika, na njia kubwa inayobaki ni jasho. Lita moja ya jasho inapokauka juu ya ngozi huchukua kilokalori zipatazo 580. Kwa hiyo zile kilokalori 210 zingehitaji theluthi moja ya lita au zaidi kidogo, kama kila tone lingekauka juu ya ngozi. Hazikauki zote. Jasho linalodondoka chini au kufutwa kwa kitambaa ni maji yaliyopotea bila faida, na hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi sehemu kubwa hupotea hivyo. Ongeza joto la jua, joto linalorudi kutoka kwenye mawe, na joto ambalo mwili hulitengeneza hata ukiwa umekaa. Ndipo tunapoelewa kwa nini mpandaji katika nchi ya joto hutoka jasho la nusu lita mpaka lita nzima kwa saa, na wakati mwingine zaidi.

Kwa safari ya saa saba, basi, lita 3 kwa kila mtu si anasa. Kwa watu thelathini ni lita 90, yaani kilo 90, na zote zitoke bondeni. Kila mtu abebe zake. Pamoja na maji pawe na chakula chenye chumvi kidogo, kwa sababu jasho hutoka na chumvi. Mtu anywaye maji matupu kwa wingi sana bila kula huweza kuugua kwa upungufu wa chumvi mwilini.

Dalili za kuzidiwa na joto ni hizi: misuli kukaza, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida. Mgonjwa apelekwe kivulini, alegezwe nguo na apewe maji kidogo kidogo. Safari ya kupanda imekwisha kwake. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi au kuzimia, huku mwili wake ukiwa wa moto, hiyo ni hatari ya mauti. Amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa bila kukoma, naye apelekwe hospitali kwa haraka iwezekanayo. Asinyweshwe kitu chochote akiwa hana fahamu. Hapa ndipo ionekanapo faida ya kubeba maji kuliko yale ya kunywa tu.

Ndoo kichwani

Kwa wakazi wa uwanda kupanda mlima hakukuwa mchezo. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde waliokaa karibu na ukingo waliteremka kwenye chemchemi za bondeni na kupanda tena na maji. Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiona taabu hiyo ya maji. Sayansi inaweza kutuambia gharama yake.

Tuseme mwanamke wa kilo 55 anabeba ndoo ya lita 20, na mwinuko kutoka chemchemi hadi kijijini ni mita 300. Jumla ya kilo 75 zinainuliwa mita 300. Kazi ni jouli 220,500, nao mwili, kwa hesabu ileile ya robo, utaunguza kama kilokalori 210. Hicho ni chakula cha gramu 60 hivi za unga wa mahindi, kwa ndoo moja, kabla ya kuhesabu mwendo wa kushuka na wa mahali tambarare. Vilevile njiani hutoka jasho, kwa hiyo sehemu ya maji hayo ilikwisha kulipwa kabla ndoo haijatuliwa.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Kenya na Profesa Geoffrey Maloiy pamoja na wenzake. Waliwapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo, wakaona kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nguvu yao walipotembea. Mwaka 1995 watafiti walieleza sababu: wanawake hao walitembea kwa namna inayofanana na bembea, ambapo nguvu ya hatua moja huhifadhiwa na kusukuma hatua ifuatayo vizuri kuliko kwa mtu asiyezoea. Utafiti uliofanywa baadaye Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa wote, bali tofauti kubwa kati ya mtu na mtu.

Hata hivyo vipimo vya Kenya vilihusu mwendo wa tambarare. Katika tambarare mzigo hupanda na kushuka kidogo kwa kila hatua, na kilichopandishwa kinaweza kurudishwa. Mlimani mzigo hupanda tu. Hakuna ustadi wa kutembea unaoweza kufuta kazi ya kuinua lita 20 mita 300. Kilichoweza kuiondoa kazi hiyo mabegani mwa wanawake ni pampu na bomba. Mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa katika miaka ya 1950, na baadaye, katika miaka ya 1970, Mpango Mkuu wa Maji wa Mikoa ya Mtwara na Lindi ulitayarishwa kwa msaada wa Finland. Visima vya Mitema vimekuwa chanzo kikuu cha kuupelekea uwanda maji. Lakini sheria ya mvuto haibagui: pampu nayo hulipa kwa kila mita, kwa dizeli au kwa umeme, na pampu inaposimama mita zile hurudi kuwa za mguu. Ndiyo sababu nyumba nyingi za uwandani zina mabati yenye michirizi na mahodhi ya kuvunia mvua, maana maji yaliyonaswa juu hayahitaji kupandishwa.

Kijana anayepanda na lita zake 3 huku akihema anapata nafasi ya kuielewa hesabu hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Mwendo wa kikundi

Katika misafara ya zamani ya nchi hizi alikuwapo kirongozi, aliyetangulia na kujua njia. Kikundi cha leo kinamhitaji yeye na mwenzake wa pili, wa kufunga safari nyuma, ambaye hapitwi na mtu yeyote. Wawili hao wawe wametembea njia hiyo kabla.

Kosa la kawaida la kikundi ni hili. Wenye nguvu hutangulia, kisha hukaa kivulini kungoja. Aliye nyuma anapofika, wenzake wamekwisha kupumzika, nao husimama waendelee. Matokeo yake ni kwamba mwenye nguvu amepumzika dakika kumi na mnyonge hakupumzika hata moja. Yakirudiwa hayo mara nne au tano, mnyonge huanguka, na watu husema hakuwa na mazoezi. Kwa kweli alinyimwa mapumziko. Dawa yake ni mbili: aliye na mwendo mdogo awekwe karibu na kirongozi ili mwendo wake uwe mwendo wa wote, na saa ya kupumzika ianze kuhesabiwa pale wa mwisho anapofika.

Mwendo unaofaa hupimwa kwa mazungumzo. Mtu akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, misuli yake inapata oksijeni ya kutosha. Asipoweza, anaunguza akiba yake upesi kuliko inavyotakiwa, na joto linajikusanya mwilini.

Kabla ya kuondoka kikundi kikubaliane saa ya kugeuka, tuseme saa 5 asubuhi. Ikifika saa hiyo wote hugeuka, hata kama kilele kinaonekana. Vilevile pawe na kiasi cha kugeuka: nusu ya maji ikiisha, safari ya kupanda imekwisha. Uamuzi uliofanywa bondeni, watu wakiwa na akili tulivu, ni bora kuliko ule ufanywao juu wakati wa kiu na ubishi.

Hatari nyinginezo na kushuka

Katika milima ya mawe ya Masasi nyuki hupenda kukaa katika nyufa, na kelele, moshi au kurusha mawe huweza kuwachokoza. Mahali pa kushikia juu ya mwamba patazamwe kabla ya kuweka mkono, maana nyoka hupenda joto la mawe. Kifutu, ambaye hasogei mtu anapokaribia, hukanyagwa kwa urahisi katika majani makavu. Wakati wa mvua jiwe lenye utando mweusi huteleza kama sabuni, na kilele kilicho wazi ni mahali pa kupigwa na radi. Ngurumo ikisikika, kikundi kishuke.

Wengi hudhani kazi imekwisha wakifika juu. Katika kushuka moyo haupigi sana, lakini misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: hurefuka huku imekaza. Kazi ya namna hiyo hupasua nyuzi ndogo ndogo za misuli, na ndiyo inayoleta maumivu ya kesho yake na kesho kutwa. Magoti yaliyochoka huteleza. Kwa hiyo hatua za kushuka ziwe fupi, na watu wasikimbie.

Mambo ya kupima

Safari ya namna hii inaweza kuwa somo kamili bila vyombo vya gharama. Kipimajoto kimoja kinatosha kuonyesha kwamba hewa hupoa kadiri tunavyopanda, kwa wastani kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Kwa mita 500 tutegemee nyuzi 3 hivi, mradi tupime kivulini na kwa saa zinazokaribiana. Mizani ya zahanati itaonyesha jasho: mtu apimwe kabla na baada ya safari, yahesabiwe maji na chakula alivyotumia na haja alizokwenda, na kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji ambayo mwili bado unadai. Wanafunzi wakipanga matokeo yao kufuata saa waliyoondoka, wataona wenyewe faida ya kuondoka alfajiri.

Juu ya uwanda wachukue konzi ya mchanga, waweke katika kopo lililotobolewa chini, wamimine maji na kuhesabu dakika mpaka tone la kwanza litoke. Wakirudi bondeni wasimame kwenye chemchemi. Maji wanayoyaona yalikuwa mvua iliyozama katika mchanga kama ule, na ikasafiri polepole gizani mpaka hapo. Ikiwa miti na vichaka vya juu na vya ukingoni vitafyekwa na kuchomwa ovyo, mvua itateremka juu ya ardhi badala ya kuzama. Itachukua udongo wakati wa masika na kuiacha chemchemi ikiwa dhaifu wakati wa kiangazi. Mji wa Masasi hunywa maji ya uwanda huu, ingawa haukai juu yake. Kikundi kilichopanda asubuhi na chupa zake, na kurudi mchana zikiwa tupu, hakitahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini ukingo huo unastahili kutunzwa.